Waliopewa Uzi na Waliokodiwa

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwa kaka yangu Mbagala, watoto wake watatu wamenibana kwenye kochi, tunaangalia katuni. Flashi nilikuwa nimejaziwa na kijana wa kibanda cha muvi pale Rangi Tatu. Nilimwambia nataka ya watoto, akaniwekea Trolls World Tour, ile ya 2020 iliyotoka wakati wa korona, kumbi za sinema zimefungwa, ikabidi watu waionee majumbani. Akaniambia, "Dada, hii imetafsiriwa." Nikafurahi. Nimekulia kwenye vibanda umiza, tangu enzi za Lufufu, yule mtafsiri wa muvi wa zamani, na muvi yenye sauti ya mtu wa kwetu juu yake kwangu ina utamu ambao ile ya asili haina.

Mnaijua. Nchi sita za muziki, kila nchi na uzi wake: pop, roki, fanki, tekno, kantri, klasiki. Malkia wa roki anazunguka kunyang'anya nyuzi zote azifunge kwenye gitaa lake, ili dunia ibaki na roki peke yake. Malkia wa pop anamfuata kumzuia, mikono wazi, anaamini kila mtu ni rafiki yake na nyimbo zote ni sawa tu.

Sasa huyu mtafsiri, ambaye jina lake sikuliona popote kwenye ile flashi, hakupoteza muda na majina ya Kizungu. Tulipofika kwa wale wa kantri, nusu mtu nusu farasi, akasema ndugu mtazamaji tumeingia kwa watu wa mdundiko, ile ngoma ya Wazaramo. Vile vitoto vya klasiki vyenye mabawa akaviita wanakwaya. Wale wa tekno wanaorukaruka majini, taa zinawaka na kuzima, wakawa watu wa singeli, ule muziki wa kasi wa uswahilini. Na chombo cha fanki kilipotokea angani, sauti yake ikashuka. Akasema taratibu: hawa ndio wazee wa dansi, hawa ndio wazazi.

Watoto hawakuuliza swali hata moja. Wa kati, mwenye miaka minane, alipofika kwa hao wa singeli alishuka kwenye kochi akacheza mbele ya tivii mpaka dada yake akamvuta shati. Walielewa kila kitu, kwa sababu mtu mmoja asiye na jina, kwenye chumba ambacho pengine kina godoro na maikrofoni tu, aliwachorea ramani yenye nyumba zao.

Usiku niliirudia peke yangu kwenye simu, yenye sauti yake ya asili. Hapo ndipo niliposhikwa na hasira, na tangu siku hiyo haijanitoka.

Haki yao niwape kwanza, maana wanayo. Katuni hii inasema jambo zito kuliko zinavyosema katuni nyingi za watoto. Mtoto wa mfalme wa fanki anamweleza malkia wa pop ukweli wa zamani: kwamba hizo nyuzi zilitawanyika kwa sababu watu wa pop wenyewe ndio waliotaka kuziteka zote, na kile kitabu cha picha alicholelewa nacho kilikatwa, kikabandikwa na kunyunyiziwa mapambo na washindi. Hayo anaambiwa mtoto wa miaka saba. Mfalme wa fanki sauti yake ni ya George Clinton, na malkia ni Mary J. Blige. Kile chombo kinachoelea angani hakikuokotwa njiani: mwaka 1975 Clinton na kundi lake la Parliament walitoa albamu ya watu weusi wanaosafiri kwa chombo cha anga, baadaye wakawa wanakishusha chombo hicho jukwaani, na leo nakala yake iliyotengenezwa miaka ya 1990 imehifadhiwa kwenye makumbusho ya historia ya Wamarekani weusi kule Washington. Aliyeandika sehemu hiyo alijua anaandika nini. Na ni kweli pia kwamba viumbe wenyewe ni wa buluu, wa waridi, wa kijani, kila mtoto anaweza kujiona ndani yao. Hilo nalo nalikubali, shingo upande.

Lakini tazameni nani kapewa uzi na nani hakupewa.

Mle ndani jazi ipo. Ni mtu mmoja anayepuliza muziki laini ili awapumbaze watu wakamatwe. Mamluki. Regetoni ipo, na sauti ni ya J Balvin mwenyewe. Mamluki. K-pop ipo, kwa sauti za Red Velvet. Mamluki. Malkia wa roki anawaita, anawaahidi malipo, anawatuma wakamlete malkia wa pop. Hawana nchi, hawana mji, hawana mfalme wala malkia wa kuwasemea, hawana uzi. Wanaingia, wanafanya onyesho lao, wanapigana, basi.

Ukihesabu sura, utaridhika. Mkolombia yupo, Wakorea wapo, Wamarekani weusi wapo na heshima yao. Watu wengi wanaojadili habari za uwakilishi kwenye sinema huishia hapo, wanahesabu kama konda anayehesabu abiria. Mimi nasema kuwemo garini si kuwa na kwenu. Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Hawa hawakukataa kwao, walichorwa bila kwao. Anayeshika penseli ndiye anayeamua huyu ni mwenyeji na huyu ni wa kukodi, na mtoto anaupokea mgawanyo huo bila kuambiwa na mtu.

Jazi ya kukodi! Jazi iliyozaliwa New Orleans kwa watu weusi, iliyozaa nusu ya yale yanayopigwa kwenye nchi hizo sita, iliyovuka bahari mpaka bendi zetu nyingi zikajiita kwa jina lake: Morogoro Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, NUTA Jazz, Vijana Jazz. Babu zetu walilichukua neno hilo kama nembo ya heshima ingawa walichopiga kilikuwa rumba na chacha zenye Kiswahili ndani. Leo mjukuu wao anaonyeshwa kwamba jazi ni jamaa wa kutumwa.

Na hao waliopewa nchi, nyuzi zao zilisokotwa na nani? Kantri wamepewa banjo. Banjo ilitengenezwa na watumwa waliopelekwa Amerika wakiwa na kumbukumbu ya ala za Afrika Magharibi mikononi. Roki wamepewa gitaa la umeme, na Sister Rosetta Tharpe, mwanamke mweusi mwimbaji wa injili, alikuwa analiliza gitaa hilo miaka mingi kabla Elvis hajatoa santuri yake ya kwanza mwaka 1954. Tekno ilitengenezwa Detroit miaka ya 1980 na vijana weusi, Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson. Ukiutoa mkono wa Mwafrika kwenye nyuzi hizo sita, hata klasiki ikibaki salama, sijui gitaa la malkia litalia nini. Halafu, kwenye ramani hiyo hiyo, Afrika yenyewe haipo. Hakuna rumba, hakuna hailaifu, hakuna taarabu, hakuna mbira wala zeze. Tumo kwenye kila uzi, na nyumba hatuna.

Rafiki yangu mmoja aliniambia hiyo ni katuni ya Wamarekani, acha waimbe ya kwao. Sawa. Wangeiita ziara ya Marekani ningelala usingizi. Wameiita ya dunia.

Kwa nini nalibeba hili moyoni? Kwa sababu namjua mtu wa kukodi. Ni baba yangu mdogo.

Baba mdogo anapiga kinanda cha mchiriku, wengine huita mnanda. Kinanda chenyewe ni Casio ndogo, ya kukaa mapajani, waliyoinunua kwa kuchangishana. Vibao viwili vimekatika. Mahali pake ameweka vijiti vya aiskrimu alivyovichonga kwa wembe, amevifunga kwa plasta ya hospitali, na plasta hiyo huibadilisha kila ikichafuka. Vibao vya katikati vimelika mpaka vina mabonde ya vidole. Anakilaza ndani ya kipande cha khanga chini ya kitanda, na hakuna mtoto anayeruhusiwa kukigusa bila kunawa mikono. Siku ya shughuli, waya unatoka kwenye kinanda unaingia kwenye amplifaya inayoendeshwa na betri ya gari, spika za tarumbeta zinafungwa juu ya mwembe, na pembeni kuna dumbaki na kigoda kinachopigwa kwa vijiti. Sauti inatoka imekwaruzika. Wanaitaka hivyo hivyo. Nimewahi kumletea waya mpya, sauti ikawa safi, akanirudishia akasema, "Mwanangu, umeniua."

Sasa sikilizeni singeli. Ile mistari mifupi ya kinanda inayorudiwarudiwa kama mtu anagonga mlango na nyumba inaungua, mnadhani imetoka wapi? Vijana wa Tandale, Manzese na Mburahati walikua wakisikia mchiriku na taarabu nyuma ya nyumba zao, wakavikata kwenye kompyuta, wakaviongezea mwendo. Leo singeli inapigwa kwenye matamasha ya Ulaya, na nawapongeza kwa moyo wote, wameteseka mno kuitwa wahuni. Baba mdogo akiwa kwenye daladala na singeli inalia, huinua kidole. "Huo mkono ni wetu," anasema. Hana uchungu akisema. Mimi ndiye ninao.

Miaka ya mwanzo ya 2000 kituo kimoja cha redio hapa mjini kiliwaita. Walikwenda sita, daladala mbili, kigoda mkononi. Walikaa kwenye korido tangu asubuhi. Walipoingizwa, mtangazaji aliwatambulisha kama vijana wa uswahilini waliokuja kutuchangamsha, akawaambia wapige. Wakapiga. Jina la kikundi halikutajwa, la mtu hata mmoja halikutajwa. Wakapewa soda na nauli. Wiki chache baadaye tukaanza kusikia kile kinanda, na vile vijiti vya aiskrimu ndani yake, kikilia chini ya tangazo la biashara. Kililia miezi. Bibi yangu alikuwa anaongeza sauti ya redio kila tangazo likija, anamsikiliza mwanawe.

Hiyo ndiyo maana ya kukodiwa. Ndiyo maana siwezi kuwanyooshea kidole Wamarekani peke yao, nikatoka hapo mikono safi. Ramani yetu wenyewe ina wenye nyuzi na ina mamluki. Nani hajaona kikundi cha ngoma uwanja wa ndege, mchana wa jua kali, kimesubiri mgeni saa tatu? Mgeni anashuka, anatabasamu, anatikisa bega mara mbili, anaingia kwenye gari. Msafara ukishaondoka, wale watu wanabaki wanakunja vibwebwe na kutafuta usafiri wa kurudi. Kwenye taarifa ya habari wanaonekana sekunde nne na wanaitwa "burudani". Wakati wa kampeni, singeli inaitwa kuvuta watu; kampeni zikiisha, singeli ile ile ni kelele na ni ya wahuni. Tuna mitindo tunayoita muziki na mitindo tunayoita vichangamsho, na tofauti yake ni ujirani, ni mtaa gani umetoka.

Tumewahi hata kuwa na malkia wetu wa roki. Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku hapa Dar es Salaam kwa sababu ati si utamaduni wetu na unaharibu vijana. Soul, mama mzazi wa ile fanki ya George Clinton, sauti ya watu walioibwa kutoka bara hili hili. Nawaelewa waliotoa amri, nchi ilikuwa changa, inatafuta sura yake. Lakini walikosea.

Na yule mtafsiri wangu niliyemsifu hapo juu? Ramani yake naye ina shimo, na nimelihesabu ni shimo kubwa. Taarabu haikuwemo. Katika mji wa pwani! Kila aliyempa nchi kwa mdomo wake alikuwa mwanamume: wazee wa dansi, vijana wa singeli. Kiongozi wa kantri, ambaye kwenye muvi ni mwanamke mwenye nywele kama mnara, yeye alimgeuza akawa "mke wa mzee". Siti binti Saad, binti wa shamba kule Fumba aliyetembeza vyungu mitaani Unguja, alikuta taarabu ya jumba la sultani inaimbwa Kiarabu, akaimba Kiswahili, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Kabla yake hapakuwa na mwanamke wa Afrika Mashariki kwenye santuri. Ikiwa kuna mtu katika historia ya muziki wa dunia anayestahili uzi wake kwenye katuni, na nchi yake, na ngalawa ya kuelea angani akipenda, ni huyo. Bi Kidude aliishika kamba hiyo mpaka alipofariki Aprili 2013, ngoma ya unyago mkononi. Hawa si wa kuingizwa kwa huruma ili idadi ya wanawake itimie. Ni wenye nyumba.

Tukitaka, katuni hiyo tunaweza kuichora wenyewe. Hapa Dar, tangu 2014, Ubongo wanatengeneza katuni za Kiswahili zenye nyimbo zinazofundisha watoto hesabu, na watoto wa kaka yangu wanaziimba bafuni. Wachoraji wapo. Waimbaji wapo. Kanda za Radio Tanzania za zamani zipo, miongo mizima ya bendi na ngoma za makabila, na nyingine zinazeeka kwenye rafu. Kinachonitia hofu ni kuchelewa. Mtindo wa Tingatinga ulizaliwa hapa hapa, Oysterbay, mikononi mwa Edward Saidi Tingatinga, na mfululizo wa katuni uliotokana na rangi zile ulichorwa Nairobi kwa ushirikiano na Waingereza. Kazi ni nzuri, Wakenya waliifanya kwa upendo, sina neno nao. Ila niliiangalia na koo limenikaba.

Na tukiichora, naomba jambo moja tu: tusianze na Bongo Fleva kama malkia wa pop aliyewakumbatia wote. Naipenda Bongo Fleva, nimekua nayo, nimelia nayo. Lakini ndiyo iliyoshinda, na washindi tumeshajua wanavyotengeneza vitabu vya picha.

Jumapili asubuhi yule wa miaka minane alinijia na daftari. Alikuwa amechora lile gitaa la malkia, nyuzi sita kwa penseli za rangi, na ukingoni uzi wa saba ambao hakuupaka rangi. Akasema, "Shangazi, huu nauweka wa babu wa kinanda. Kikundi chao kinaitwaje?" Nikafungua mdomo, nikakuta nalijua jina la kikundi lakini siyajui majina ya watu. Miaka yote hii nimelaani yule mtangazaji, na mimi mwenyewe nilikuwa nikiwaita "wakina baba mdogo".

Nikampigia simu, nikaweka sauti ya juu. Baba mdogo alidhani kuna msiba. Nilipomweleza alikaa kimya, nikasikia kuku nyuma yake, halafu akaanza kutaja. Jina la kwanza, la baba, la babu, kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani. Wa dumbaki kubwa. Wa dumbaki ndogo. Wa kigoda, "huyo marehemu, andika na marehemu." Mtoto anaandika, anauliza ni L au R, anafuta, anaandika tena. Mwimbaji. Mwimbaji wa pili, marehemu naye. Akafika kwake, akajitaja majina matatu, na la tatu nilikuwa silijui.

Kisha akauliza, "Mwanangu, na yule aliyekuwa anatubebea betri, kuna nafasi?"

Mtoto akageuza ukurasa.